Mjomba Josephu na Posa za Mchezoni

Mjomba wangu Josephu Likwata hajawahi kusema uongo kuhusu mchezo wowote. Kuhusu mambo mengine anadanganya kama sisi sote: umri wake, samaki aliyemponyoka, homa iliyomzuia kwenda shamba la kijiji na ambayo hakuna mtu aliyeiona. Lakini ukimfunga drafti atasema amefungwa. Ukimfunga mchezo wa kijinga atasema mchezo ni wa kijinga, na wewe umeuweza kwa sababu mnafanana. Kazi yake ni kupima korosho kwenye ghala la kijiji chetu, karibu na Kitaya. Anazipasua, anaangalia ndani, anasema hii daraja la kwanza, hii la pili. Akitoka ghalani anaendelea kupima watu.

Ingekuwa starehe yake tu, nisingepoteza wino. Ila kwetu Wamakonde neno la posa liko kwa mjomba. Baba yupo, anakaa kitini, anakohoa, anakubali. Baba yangu angekubali hata posa ya mbuzi, mradi mbuzi ametoa salamu vizuri. Mjomba akikataa, mambo yamekwisha. Na Mjomba Josephu alikuwa na njia moja tu ya kumjua mchumba, nayo ni kucheza naye. Ndiyo maana dada yangu Yustina alitimiza miaka ishirini na minne akingoja wanaume wamalize kucheza.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akachagua drafti, ile ya vifuniko vya soda. Mimi drafti naipenda, lakini ina sheria moja ya ajabu: usipoona pa kula, kete yako inaondolewa. Yaani unaadhibiwa kwa kukosa ulafi. Basi katikati ya mchezo mama yangu, Bi Sabina, akapita na ndoo, Mjomba akageuka kuitikia salamu ya dada yake, na aliporudisha macho akasogeza kete nyingine kabisa. Mwalimu akanyoosha mkono, akaiondoa ile iliyosahau kula.

"Samahani, mzee wangu. Sheria ni sheria."

"Kweli kabisa," Mjomba akasema.

Akacheza hadi mwisho, akafungwa, akampa mkono. Mwalimu akapanda baiskeli akiimba. Hajafika hata kwenye kona, hukumu ikatoka: "Mchezo anauweza. Lakini siku Yustina akiunguza mboga kwa sababu anamwitikia mgeni, huyu atamsomea sheria. Hapana."

Wa pili alikuwa karani kutoka Mtwara mjini, nyumba yao Shangani, nywele zimepasuliwa njia katikati. Alileta keram yake mwenyewe juu ya keria ya baiskeli. Mwaka ule sabuni ikifika dukani ilitangazwa kama msiba, mtu anapita mbio nyumba hadi nyumba na watu wanatoka wakijifunga khanga njiani. Poda ya keram ungeitoa wapi? Karani akamwomba mama unga wa muhogo. Mama akatoa bakuli moja kwa aibu ya ugeni. Karani akalimimina lote, akasawazisha kwa kiganja, kete zikawa zinateleza kama zina haraka ya kuondoka. Keram ni mchezo wa watu wenye vidole safi na muda wa kubishana kama ubao umelala upande. Sauti yake tamu, basi. Mjomba alishinda, na bado akakataa.

"Bwana huyu anapenda vitu vimtelezee. Ametumwagia chakula cha jioni ili vimtelezee."

"Unga si mama ndiye aliyempa?" nikamuuliza.

"Nusu, nyamaza."

Nusu ni mimi. Niliacha stashahada ya kilimo mwaka wa pili, kwa sababu ambazo chuo kina maelezo yake na mimi nina yangu, na kijiji kikaona jina nililobatizwa ni refu mno kwa mtu wa namna hiyo. Nilimwambia Mjomba kwamba kwa mtindo huu Yustina ataolewa na ubao. Nikamshauri basi awajaribu kwa karata, angalau watamaliza upesi. Akasema karata ni mchezo wa kukonyezana, na mwanamume anayejua kukonyeza atamjua bila karata. Na dhumna je? Akasema dhumna ni kupiga meza, na meza haijamkosea mtu. Ukweli nilikubaliana naye kwa yote mawili, jambo lililoniudhi zaidi.

Halafu akaja Jeronimo.

Jeronimo ni seremala wa karakana ya kijiji. Mama yake, Bi Deolinda, alivuka naye Ruvuma wakati wa vita vya kule ng'ambo, mtoto wa miaka kumi na kifurushi kichwani. Sasa kwao kulikuwa na uhuru, vita vya Wareno vimekwisha, na Bi Deolinda alikuwa amefunga mizigo arudi kwenye makaburi ya watu wake. Mtumbwi ulikuwa wa Jumamosi. Jeronimo alisema wazi, bila kuzunguka: akikubaliwa atabaki hapa na mkewe, na mama atapokelewa na ndugu, akikataliwa hana cha kubakia, atavuka na mama yake. Yustina, ambaye posa mbili za kwanza alizimaliza akipepeta mpunga kana kwamba anaposwa jirani, safari hii aliangusha kikombe, akaokota vipande, akaangusha na vipande.

Jumatano alasiri Mjomba akatoa bao. Hapo nikapumua. Bao hampi kila mtu. Mwalimu na karani hawakuliona hata likifutwa vumbi. Na hapa mimi pia nainama: bao ndio mchezo. Michezo mingine yote unaweza kuieleza kwa mtu anayekula. Bao huwezi. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na unaanza karibu na umaskini: sita katika shimo kuu liitwalo nyumba, mbili na mbili pembeni yake, ishirini na mbili zilizobaki unazishika mkononi, unaziingiza moja moja huku unatazama mwenzako anafikiri nini. Mtoto hawezi. Mtoto akifundishwa hupangiwa mbili mbili kila shimo, azoee kuhesabu na kuzunguka, na siku akipata akili ndipo anapewa kete za mkononi. Kila mtu anajua hilo.

Kila mtu wa upande huu wa mto.

Jeronimo, kwa heshima yake, hakutaka mzee ainame. Akachukua mfuko wa kete, akapiga goti, akaanza kupanga. Mbili. Mbili. Mbili. Shimo baada ya shimo, kwa vidole vya fundi, upande wake na upande wa Mjomba. Niliona shingo ya Mjomba ikipanda.

"Kijana. Unapanga nini?"

"Napanga bao, mzee."

"La nani?"

"Letu sote, mzee."

Mjomba akasubiri amalize. Kisha akazoa kete zote kwa mikono miwili, akazirudisha mfukoni, akafunga kamba.

"Hili nililiacha nikiwa na meno ya utoto," akasema. "Sikujua kwamba kwenu naonekana ninayo bado." Akaingia ndani na bao lake kwapani.

Jeronimo akabaki amepiga goti. "Nusu," akaninong'oneza, "mzee ameingia kusali?"

Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijui niigawe vipi. Sehemu nampa Mjomba. Sehemu nampa Jeronimo, miaka kumi na sita hapa na hajawahi kuketi na wachezaji wetu. Sehemu kubwa ni yangu, maana mimi niliwahi kumwona karakanani, saa ya mapumziko, akimpangia mwenzake mbili mbili, nikacheka, nikaenda zangu. Nilidhani wamekosa mwalimu. Neno moja tu ningemwambia.

Alhamisi nikaenda kwa Bi Deolinda kuomba radhi. Nikamkuta uani, mizigo imefungwa, ameketi mkekani mbele ya mashimo yaliyochimbwa ardhini. Aliyekuwa akicheza naye alikuwa Yustina.

"Wewe umejifunza lini?" nikamuuliza.

"Wakati nyie mnacheza keram," akajibu bila kuinua uso. "Mama, zamu yako."

Bi Deolinda akanieleza huku anazunguka na kete. Kwao wakubwa ndivyo wanavyopanga. Marehemu mumewe alipanga mbili mbili hadi mvi zikamfika kidevuni. "Na ukila, hazirudi," akasema, akaweka kando kete alizokula kwa Yustina. "Kwenu mtu akila anazipanda tena kwake. Kwetu kilicholiwa kimeliwa."

Nikakimbia ghalani kumweleza Mjomba. Alikuwa na kisu mkononi na korosho mbele.

"Hakuna wazee duniani wanaocheza kitoto," akasema.

"Mjomba, wapo ng'ambo hapo tu. Ukipiga kelele wanakusikia!"

"Basi na wavuke wakacheze."

Nikaondoka nikiongea peke yangu njia nzima. Mbwa wa jirani, ambaye huwa ananibwekea, safari hii alinipisha.

Ijumaa alasiri wachezaji walikuwa kwenye baraza ya duka la kijiji kama kawaida, watu sita na bao moja, wanane ukihesabu na washauri. Wanawake hupita pale, hawaketi. Yustina akapanda baraza, akasalimia wote, akaketi kwenye kigoda kilicho mbele ya mjomba wake. Mshauri mmoja akasahau kufunga mdomo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa?"

"Nimekuja kucheza." Akachukua mfuko, akafungua kamba, akaanza. Mbili. Mbili. Mbili.

"Yustina!"

"Mjomba, korosho unaipasua kwanza, ndipo unasema daraja. Hii umeitupa na ganda lake. Mtumbwi ni kesho. Cheza mara moja, uniambie mchezo huu ukoje. Ukisema ni wa kitoto, nitanyamaza na sitakuuliza tena."

Hapo hata mimi nilijua amemshika. Angemwomba huruma asingeipata. Alimwomba maoni, na hilo Mjomba hajawahi kumnyima mtu.

Akaanza kwa kucheka. Akala kete tano mara ya kwanza, akataka kuzipanda upande wake kwa mazoea, Yustina akamzuia mkono taratibu: "Hazirudi, Mjomba." Akaziweka kando kwa shida, kama mtu anayetupa chakula. Baada ya muda kicheko kikapungua. Yeye amezoea kula ili ashibe; mchezo huu ulikuwa unamwadhibu kila alipokula bila kutazama nyuma. Yustina alingoja, akangoja, kisha akazunguka mara tatu bila kulala, yaani bila zamu kumwishia, akafagia upande mzima.

"Tena," Mjomba akasema.

Akafungwa tena, polepole zaidi, ambako ndiko kubaya zaidi. Washauri walikuwa wamesimama. Mmoja akasema kwa sauti, "Mzee Likwata, kitoto kimekutoa jasho!" Mjomba aliinamia ubao. Alikuwa anatazama yale mashimo matupu ya upande wake.

Yustina akaanza kuzirudisha kete mfukoni, mbili mbili.

"Mchezo huu," Mjomba akasema mwishowe, na kila neno lilitoka kama jino, "si wa kitoto. Una akili. Nimeupima vibaya." Akapumua. "Na mchezaji wake pia." Akanigeukia. "Nusu! Umekaa hapo kama gunia la nini? Kamwite huyo seremala. Na aje na mama yake, nisije nikaambiwa nimemwonea mtoto wa watu."

Posa ikapokelewa jioni ileile, kabla jua halijazama. Baba akakohoa, akakubali.

Jumamosi asubuhi tukamsindikiza Bi Deolinda mtoni. Yustina alikuwa amemshika mkono, Jeronimo anapakia mizigo, na mama yangu ndiye aliyelia zaidi ya wote. Mwenye mtumbwi alikuwa tayari ameshika upondo wakati Mjomba Josephu alipotokea mbio kwenye matope, bao kichwani.

"Bi mkwe! Subiri! Shimo likiwa tupu na la mwenzio la mbele limejaa, la nyuma tupu, unakula au huli?"

"Mjomba, watu wanaagana!" Yustina akafoka.

"Namwuliza kabla hajafika mbali."

Bi Deolinda akafuta machozi, akaanza kumweleza kwa vidole, mtumbwi unaondoka, yeye bado anaonyesha, la mbele, la nyuma, hapana, si hivyo. Mjomba akaingia majini hadi magotini kumfuata. Mwenye mtumbwi akamkumbusha kwamba mto ule una mamba. Hakusikia. Jeronimo ndiye aliyekwenda kumshika mkono na kumtoa, mzee mzima na ubao wake.

"Mzee, mimi nimebaki," akamwambia. "Nitakueleza."

"Leo?"

"Leo."

Mjomba akamtazama kama korosho iliyopasuliwa vizuri. Kisha akaketi palepale ukingoni, suruali inachuruzika, akafungua mfuko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ukubwa akaanza kupanga mbili mbili. Yustina akanitazama. Posa ilikuwa haijatimiza siku moja, na tayari alikuwa anangoja wanaume wamalize kucheza.