Kifungo cha Waliojua Wakanyamaza

Tuliitwa ukumbi wa mtaa asubuhi tutoe maoni juu ya mswada. Gari la kipaza sauti lilikuwa limezunguka mtaa wetu wa Tassia siku mbili likisema Bunge linataka kukaza adhabu ya wanaouza watu, na asiyefika asije kulalamika baadaye. Nilifika mapema nikakaa safu ya nyuma, karibu na mlango.

Jirani yangu alikaa mbele kabisa. Anauza sukuma na nyanya chini ya ploti yetu, ghorofa la wapangaji, na mtaa mzima humwita Mama Mboga. Binti yake alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani, na huu ni mwaka wa pili hajasikika. Simu yake haiiti. Aliyempeleka ni ajenti, mwanamke wa kanisa letu, ambaye baadaye alifunga ofisi akahama bila kuaga mtu.

Nasema ajenti ndiye aliyempeleka. Lakini kwa ajenti alipelekwa na mimi.

Aliyetangulia kwenda huko alikuwa mjukuu wangu. Mama yake alifariki mtoto akiwa mdogo, nikamlea kwa kufua nguo za watu Buruburu. Sikumlea kwa kubembeleza. Alipomaliza shule akakaa nyumbani bila kazi, ajenti akaniambia kuna nafasi, nikashukuru Mungu.

Kwenye kikundi chetu cha akina mama tuna desturi. Msichana akipata pasipoti, inawekwa mezani juu ya Biblia, kila mama anaweka mkono, na mkubwa anaomba. Mkubwa ni mimi. Niliiombea ile pasipoti mpaka jasho likanitoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeomba kuuona mkataba.

Mjukuu alipotuma mshahara wa kwanza, nilipeleka shukrani kanisani: unga, sukari na mafuta ya kupikia ndani ya beseni jipya. Nikasimama mbele ya watu nikasema yule ajenti ni mtumishi wa Mungu. Walipiga vigelegele. Jioni hiyo hiyo Mama Mboga akapanda ngazi mpaka kwangu. Kama mtaa mzima, huniita Shosho, yaani bibi.

"Shosho, na wangu je? Nipeleke kwa huyo mtu."

Nikampeleka. Nilimshika mkono mpaka mlangoni mwa ofisi.

Mambo yakaenda haraka. Wiki ambayo binti yake alikuwa asafiri, siku ya Jumanne, nilikuwa nachambua maharagwe simu ikalia. Alikuwa mjukuu wangu, anaongea chini chini.

"Shosho, huku si kuzuri. Walichukua pasipoti yangu. Nafanya kazi nyumba tatu, ya mama aliyeniajiri, ya dada yake na ya binti yake."

"Nyumba tatu ni nini? Mimi nimefua nyumba tatu kwa siku, mama yako akiwa mgongoni. Kazi ni kazi."

"Shosho, nimepigwa."

"Umefanya nini?"

Ndivyo nilivyomuuliza. Simu ikakatika.

Nilimaliza maharagwe yangu. Nilijiambia huyo mtoto amezoea kulala, atazoea kuamka. Kesho yake Mama Mboga akaja kunionyesha sanduku alilonunua soko la Muthurwa, ana furaha hata hawezi kukaa. Neno lilinifika mdomoni. Lakini nilikuwa nimetoa shukrani mbele ya kanisa zima, na kwetu mtu haendi kuchukua shukrani yake madhabahuni. Ningesimama vipi niseme yule mtumishi wa Mungu ameniuzia mtoto? Nililisifu sanduku. Ijumaa tulimsindikiza binti uwanja wa ndege, tukaimba mpaka walinzi wakatuambia tupunguze sauti.

Mjukuu wangu alirudi baada ya mwaka na miezi kadhaa, kwa msaada wa mwanamke mmoja wa Kenya aliyemficha huko. Mkono wake wa kushoto haunyooki. Sasa anafanya kibarua viwandani, Industrial Area. Yale ya huko haongei, na ile simu hajawahi kuitaja. Binti wa Mama Mboga hakurudi. Mama Mboga humuuliza mjukuu wangu kila mara kama walionana, naye hujibu, "Hapana, auntie, kule ni kubwa."

Basi pale ukumbini mheshimiwa, mbunge wetu, alianza. Kifungo cha maisha, alisema, na faini iondolewe kabisa, kwa sababu mwenye pesa analipa anarudi kuuza wengine. Watu wakashangilia. Kisha mwanasheria mmoja kijana, msichana mwembamba, akashika kipaza sauti akasema sheria tuliyo nayo tayari ina meno.

"Kesi zinakufa kwa sababu hakuna shahidi," alisema. "Hata mkiandika miaka mia, bila mtu wa kusimama kortini huyo ajenti atatoka mchana kweupe."

"Wakili wa wezi!" kijana wa boda akapiga kelele.

"Mpe nafasi aongee, nawe ukaoge kwanza," mama mmoja akamjibu, na watu wakacheka. Mzee wa miwani akataka wanyongwe. Mwingine akauliza atanyongwa nani, ajenti au wale wakubwa wanaompigia mihuri. Hapo mheshimiwa akatazama saa.

Mama Mboga akasimama. Hakutaka kipaza sauti.

"Mimi miaka mtahesabu wenyewe. Ninachotaka muandike ni hiki: aliyejua akanyamaza naye afungwe."

Ukumbi ulipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilitazama mikono yangu ikipiga makofi, ndipo nikasimama.

Karani aliyekuwa akiandika maoni akanigeukia. "Haya, Shosho. Unaunga mkono au unapinga?"

"Andika kwanza, utajua baadaye pa kuniweka."

Nikasema. Nilisema mjukuu wangu alinipigia simu akasema pasipoti imechukuliwa na anafanya nyumba tatu, nami nikanyamaza, na binti wa huyu mama akapanda ndege. Feni ilikuwa inazunguka, nikaisikia.

Mama Mboga hakunitazama mara moja. "Alikupigia lini?"

"Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Ya wiki ile ile."

"Na Jumatano nikakuletea sanduku."

"Ukaniletea."

"Ukaniambia zipu ni imara."

"Nilikuambia."

Yule kijana wa boda akataka kunitetea. "Lakini Shosho, wewe hukujua!"

"Nilijua. Niliambiwa na mtu aliyekuwa ndani."

Mama Mboga alichukua leso yake akatoka. Alipita karibu na kiti changu kabisa. Watu walirudia mjadala wa kifungo cha maisha, lakini sauti zilikuwa zimeshuka. Mwanasheria akanifuata mlangoni akaniuliza kama naweza kuyasema yale kwa polisi, kwa kuwa juu ya ajenti yule hawajapata mtu hata mmoja wa kuandika taarifa. Akaniambia pia, bila kunificha, kwamba maneno yangu yanaweza kunirudia. Nikamwambia sijazaliwa jana.

Siku tatu sikununua mboga. Ya nne ilikuwa Jumatatu, mlango ukagongwa. Mama Mboga alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

"Twende polisi," alisema. Hakuingia.

Tulipofika kituo cha polisi aliketi kwenye benchi la nje. Askari aliandika pole pole, ananisomea kila mstari. Aliponiuliza kama kuna lingine, nikamwambia lipo. Ukumbini nilikuwa nimeliruka.

Nilipotoka, Mama Mboga alisimama.

"Umesema yote?"

"Yote. Na lile ambalo sikulisema siku ile. Mjukuu wangu aliniambia anapigwa."

Hakulia. Alishika ukuta wa kituo kwa kiganja kizima, kama mtu anayepima kama rangi imekauka.

"Miaka miwili," akasema, "mimi nimekuwa nikiomba asiwe na njaa. Njaa tu. Sikujua niombe nini kingine."

Nilisema "nisamehe," na neno lenyewe lilikuwa dogo, nikaona aibu kulitoa.

"Hilo tuliache," akasema. "Kesi ikiitwa, utakuja?"

"Nitakuja."

"Hata wakikufunga?"

"Hata wakinifunga."

Aliitikia kwa kichwa. Mswada bado uko Bungeni. Kwenye redio wanabishana kama ni maisha au ni miaka, na mimi huzima. Ajenti hajapatikana. Siku ile tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, na sikujaribu kumfikia.