Kisiki Agoma Kupiga Muhuri

Nyinyi mnaosema watu wa ustawi wa jamii wanakula mshahara wa bure, njooni masijala kwangu niwaonyeshe. Ninatunza majalada ya watoto wa wilaya nzima, na kila asubuhi ninayabeba mwenyewe mpaka mezani kwa Kisiki. Maafisa walikuwa watatu. Mmoja akahamishwa, mwingine akaugua presha, akabaki yeye. Watoto mia moja arobaini na tatu, mtu mmoja, miguu miwili. Halafu Mkuu wetu anasema, "Jipangeni." Ama kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jina hilo la Kisiki tulimpa sisi, kwa kuwa akikaa mahali hang'oki. Ni mama wa watoto wawili, mwembamba, soli za viatu zimelika upande mmoja, na utani haumwishi mdomoni. Mumewe husema aliposa mke akaletewa idara. Mwanawe wa kwanza, alipotakiwa shuleni kuandika mama yake anaishi wapi, aliandika: ofisini. Kisiki alipotusimulia alicheka mpaka machozi, kisha akalia kweli.

Jumanne moja Mkuu akaja na muhuri mpya wa "IMEFUNGWA". Wakaguzi wanakuja Ijumaa, akasema, na hataki waone mrundikano. Jalada lolote lisilo na taarifa mpya kwa miezi mitatu, lifungwe.

"Kama hakuna taarifa, hakuna tatizo."

Hakuna taarifa kwa sababu hakuna aliyekwenda! Nilitaka kumwambia hivyo, nikauma ulimi. Nami nina wanaonitegemea.

Jalada la juu kabisa lilikuwa la binti wa miaka minane anayelelewa na shangazi yake. Mwalimu wake alileta barua muhula uliopita: mtoto ana alama za mkanda mgongoni, na siku hizi haji shule. Kisiki alikwenda mara mbili akakuta kufuli. Tangu hapo hajapata hata nusu siku ya kurudi.

Akauacha muhuri, akachukua kalamu. Akaandika juu ya jalada: "Mtoto huyu sijamwona." Akatia saini. La pili hivyo hivyo. La tatu. Akaenda nayo mpaka la arobaini na moja.

Mkuu akawaka. "Unajiandikia barua ya kufukuzwa kazi, dada yangu!"

"Basi funga wewe, bosi." Akamsogezea jalada la yule binti, kalamu juu yake. "Andika umemwona na ni mzima. Weka na jina lako."

Mkuu akaitazama kalamu. Hakuigusa. Nilikuwepo, na nitasema popote nitakapoulizwa: mwanamume mzima aliogopa kalamu ya wino.

"Saa nane nakutaka ofisini kwangu," akasema.

"Ng'o! Saa nane nitakuwa kwa huyu mtoto."

Nikafunga masijala, nikamfuata. Liwalo na liwe.

Njiani alimpigia simu askari wa dawati la watoto. Safari hii tulimkuta shangazi mtu, kasimama mlangoni. Akatuambia mtoto amelala.

"Tutasubiri aamke," Kisiki akasema, akaketi kizingitini, mlango usiweze kufungwa. Shangazi alituporomoshea matusi ya kila aina. Akamwita Kisiki mgumba mwenye wivu na watoto wa wenzake.

"Ninao mia moja arobaini na tatu," Kisiki akamjibu, "na mmoja umemficha humo ndani."

Askari alipofika, chumba cha nyuma kikafunguliwa. Binti akatoka polepole, mkono mmoja ameukumbatia kifuani. Ulikuwa umevimba mpaka kwenye vidole. Akamkagua Kisiki tangu juu hadi chini.

"Wewe ndiye mama wa ustawi?"

"Ndiye mimi."

"Mwalimu alisema utakuja kabla ya mitihani."

Mitihani ilikuwa imekwisha kitambo. Kisiki hakumtajia meza yake, wala wenzake walioondoka, wala Mkuu. Alipiga magoti mbele yake.

"Nimechelewa, mwanangu. Vaa viatu, twende hospitali."