Kona ya Kushoto ya Nyaguthii

Mmekuwa mkiambiana ati sikuoa kwa yule dereva wa shamba la makonge kwa sababu mahari ilinishinda. Wacha leo niseme, mcheke mmalize. Mahari haikunishinda. Nilishindwa na mdomo wangu, mdomo na hii mikono (hii mnaiona, inajua kila kitu isipokuwa kutulia), na siku ile pale kwa nyasi ya meneja kama kungekuwa na shimo ningeingia nijifukie mwenyewe.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa fundi wa rangi Thika, napaka maduka, napaka vyoo vya lain za wafanyakazi, na moyo wangu wote ulikuwa kwa Nyambura, binti ya Mzee Ndung'u. Huyu mzee aliendesha injini kwa shamba moja katikati ya Thika na Ruiru. Si treni ya serikali, hapana, ni ile reli ndogo ya kubeba makonge kutoka shambani mpaka kiwandani. Zamani ng'ombe ndio walivuta mabehewa, halafu mwenye shamba akaleta injini ya dizeli, ya kijani, mstari wa njano tumboni, na wafanyakazi wakamwita Nyaguthii kwa sababu kazi yake ni kutembea tu. Na mjue wakati ule Mkikuyu akifutwa kazi alifutwa na nyumba pia, na ruhusa ya kukaa, na anarudishwa nyumbani kama mzigo. Kwa hivyo Mzee Ndung'u alimpangusa Nyaguthii kila asubuhi kuliko vile watu wengine huosha watoto.

Nilipoenda kujitambulisha aliniangalia mpaka viatu.

"Wewe ndiye unapaka vyoo?"

"Napaka na maduka, baba."

"Nyambura anasema uko na mikono. Mimi hiyo mikono bado sijaiona."

Basi nikasikia mwenye shamba mwenyewe anakuja kutoka Uingereza, kutakuwa na chai kwa nyasi ya meneja, na wafanyakazi wanatafuta zawadi. Nikamwambia mzee, nitakutengenezea Nyaguthii mdogo, wa kushikwa kwa mikono miwili, umpe huyo mzungu wewe mwenyewe mbele ya watu. Mzee alicheka, mara ya kwanza kumwona meno. Nyambura akaniambia kando, "Hiyo ukiiweza, baba amekwisha."

Nikaenda kwa duka la Mhindi pale Thika, nikapata injini ya bati ya kuchezea, ya dizeli lakini ile ndefu ya pua kubwa, imevunjika gurudumu, haifanani na Nyaguthii hata kidogo (ilikuwa na rangi ya fedha na nyota, ebu fikiria). Nikaikata tumbo na msumeno wa chuma, nikatoa kipande cha katikati, nikaunga kwa risasi ya kuyeyusha, ile pua nikaigonga mpaka ikakubali kuwa butu, paa ya dereva nikaitoa kwa debe la mafuta ya taa, bomba la moshi ni vali ya baiskeli, taa ya mbele ni kifungo cha shati yangu ya kanisa. Rangi yenyewe Nyambura aliniletea kwa mkebe wa jamu, ile ile ya Nyaguthii iliyobaki stoo, na kwa sababu ilikuwa nzito kwa kitu kidogo hivyo niliichuja na kitambaa, nikaongeza tarpentaini, nikapaka mara tatu, nyembamba nyembamba, na brashi ya nywele za mbuzi. Mzee alipokuja kuona alikaa chini. "Kai," akasema, "huyu si ni Nyaguthii kabisa." Akaniita mwanangu. Ningeacha hapo! Ngai wakwa, Mungu wangu, si ningeacha hapo.

Lakini Jumamosi, chai ikiwa ni kesho yake baada ya kanisa, nikajiambia wacha nikalinganishe mara ya mwisho. Mzee alikuwa Ruiru kwa mazoezi ya kwaya. Kwa banda nikapata Nyaguthii ameegeshwa vile huegeshwa siku zote, upande wa kushoto karibu na ukuta, na mimi huo upande sikuwa nimewahi kuuona, niliupaka tu kwa kukisia. Nikaanza kujipenyeza hapo.

"Kijana," askari wa banda akaniambia, mzee mmoja wa kutoka Kakamega, "huko ni ukuta tu."

"Fundi haogopi ukuta, mzee."

"Mimi nimekuambia," akasema, akaenda kukojoa.

Huko kwa ukuta nikakuta kona ya mbele imebondeka, bonde la kutosha ngumi, limepakwa rangi ya haraka haraka ya kijani iliyokolea kuliko ile ingine, na chini yake mkwaruzo mweupe kama wa chokaa. Mwenye akili angejiuliza ni kwa nini. Mimi nilifurahi! Nilijiambia mtu yeyote anaweza kupaka kitu laini, lakini fundi anapaka kitu vile iko. Nikarudi Thika, nikabonda ile kona na nyundo ya mviringo, nikachanganya kijani kilichokolea, hata ule mkwaruzo mweupe nikauweka na ncha ya sindano. Nikalala usingizi mzuri sana.

Sasa sikieni kitu shamba lote lilijua isipokuwa mimi fundi wa Thika. Miezi michache kabla, Mzee Ndung'u alipitiliza mwisho wa reli akagonga nguzo ya lango jipya la meneja, nguzo ya mawe iliyopakwa chokaa, ikaanguka yote. Alikuwa amesinzia baada ya zamu mbili mfululizo. Na wafanyakazi wote, Mkikuyu, Mluhya, kila mtu, waliapa kwa meneja ati ni fahali wa mzungu jirani aliyeingia usiku. Meneja akamlipisha jirani. Wale wazungu wawili wakaacha kusalimiana. Na tangu siku hiyo Nyaguthii akaegeshwa ile kona ikiangalia ukuta, na hakuna mtu alifungua mdomo.

Jumapili mzee alivaa koti la kuazima na kofia ya kazi. Alibeba Nyaguthii mdogo vile nilimkabidhi asubuhi hiyo, amefunikwa tayari kitambaa cha meza cha mama Nyambura, akasimama mbele ya mwenye shamba, akasema, "Hii ni kazi ya mkwe wangu." Mkwe! Hakuwa ameniita hivyo hata nyumbani. Nilimwona Nyambura amefunika uso na leso kwa furaha.

Kitambaa kikatolewa. Wazungu wakapiga makofi, mwenye shamba akaizungusha, akampa meneja, meneja akampa yule jirani (ndiyo, alikuwa amealikwa ili wapatane, hii dunia). Jirani akaizungusha polepole. Akasimamisha kidole kwa ile kona.

"Hii nini?"

Meneja akachukua, akavaa miwani. "Nani nafanya hii?"

"Mimi, bwana."

"Wewe naangusha chini?"

Angalieni vile Mungu alinifungulia mlango. Neno moja tu, ndiyo bwana, ilianguka, na saa hii ningekuwa na wajukuu wa Nyambura. Mzee Ndung'u aliniangalia. Askari wa Kakamega alikohoa kama mtu wa kifua. Lakini mimi nilisikia mtu anasema kazi yangu iko na kasoro, mbele ya mkwe, mbele ya mwenye shamba, nikatoa kifua.

"Hapana bwana! Mimi sibuni kitu. Nimepima. Nyaguthii mwenyewe yuko hivyo hivyo, hata ile chokaa."

"Chokaa?" jirani akauliza.

"Ndiyo bwana," nikasema, na nikamwonyesha.

Waliteremka wote mpaka bandani, na vikombe vyao mkononi. Injini ikasukumwa nje. Mzee Ndung'u alivua kofia kabla hajaambiwa, na jirani alicheka mpaka chai ikamwagika, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nimebeba ile takataka ya bati kwa sababu hakuna mtu aliitaka tena.

Wiki hiyo Mzee Ndung'u alifutwa kazi na nyumba, na familia yake ikahamia kijiji cha Gatongora na vitu vyao kwa mkokoteni. Nilienda na wazee wawili kuomba msamaha. Mzee alitupatia chai, akauliza habari za mvua. Nilipoanza kulia akaniambia pole pole:

"Sikukasirikia ile kona. Ulipoulizwa, ulifurahi kujibu."

Nyambura hakutoka jikoni. Aliolewa mwaka uliofuata, na nyumba yake mpya ilipotaka rangi, ni mimi niliitwa, kwa sababu mafundi wengine walikuwa na kazi. Nilienda. Bwana yake akaniuliza kama najua kwa nini baba mkwe aliacha injini, mtu hodari vile.

Nikamwambia sijui, mimi ni wa rangi tu. Na hivyo ndivyo ninavyojibu mpaka leo, hata kwa vitu nimeona na macho yangu.