Niliomba Mlango Ufungwe

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili msomaji asije akanidai ushujaa huko mbele. Naogopa lifti. Naogopa barua zenye nembo ya serikali. Naogopa mtu anayebisha hodi mara moja halafu akanyamaza. Nimeshona nguo Malvern, jiji moja na Soweto, kwenye barabara ya Jules, kwa miaka ishirini na mbili, na hadi leo lango la chuma likigongwa kwa nguvu sindano hunichoma kidole. Lakini hofu hizo nimezizoea, tunaishi nyumba moja na hatusumbuani. Ninayotaka kuieleza hapa ilikuja mwezi wa saba, Jumapili baada ya ibada, binti yangu alipovua viatu, akaketi kitandani, akaniambia kwamba timu moja ya Ureno inamtaka akacheze mpira wa kikapu wa kulipwa.

Binti yangu ndiye mtoto pekee niliye naye. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na tangu hapo tumekuwa wawili. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini, mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea ufamasia, na chuo kilimchukua kwa sababu ya mpira. Ni mrefu kiasi kwamba dukani kwangu huinama akiingia, na wateja humwuliza kama kule juu kuna baridi. Urefu huo haukutoka kwangu. Mimi nikisimama kando yake watu hudhani nimepiga magoti.

Alinieleza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, nami nikamsikiliza kwa Kiswahili changu cha Bukavu, Kongo. Watoto waliozaliwa hapa Kiswahili wanakisikia, lakini kukisema ni kama kuwaomba wafue kwa mikono. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Alitakiwa kufika huko mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Masomo ya ufamasia ni ya miaka minne, kwa hiyo angeyaacha katikati, na hakuna aliyeweza kumwahidi kwamba akirudi atakikuta kiti chake. Alipomaliza akanitazama na kuniuliza naonaje.

Nikamwambia, "Mungu akutangulie, mwanangu. Uamuzi ni wako."

Nilisema hivyo nikitabasamu. Sikutaka aende. Sikutaka hata kidogo. Nilitaka nimfungie chumbani na kuumeza ufunguo. Lakini sisi tulivyolelewa, mzazi hamwambii mtoto mwenye safari, "Usiende." Kinywa cha mzazi ni kizito. Ukimkataza, akaenda, akapatwa na jambo, watu watasema wewe ndiye uliyemfungia njia, na wewe mwenyewe utaamini hivyo mpaka kaburini. Kwa hiyo unameza. Unamwekea mkono kichwani, unambariki, halafu unakwenda kulilia chooni. Ndivyo nilivyofanya, isipokuwa choo chetu tunakitumia na wapangaji wengine watatu, nikalazimika kulia haraka.

Kesho yake kocha wake alinipigia simu. Ni mtu wa Soweto, mpole, aliyewahi kucheza mwenyewe mpaka mgongo ukamkatalia. Aliniita Mama kila baada ya maneno matano. Aliniambia kwamba chuo hakiozi, lakini miguu inaoza. Kwamba msichana ana miaka minane, tisa, ya kucheza kwa kiwango kile, na timu ikikuita mwaka huu haikuahidi kukuita mwaka ujao. Nilijua anasema kweli. Nikamuuliza, je, akiumia? Akasema kwamba hata hapa anaweza kuumia. Siku hiyo suruali ya mteja niliikata fupi upande mmoja.

Usiku sikulala, mchana sikushona. Nilimwona binti yangu amekaa peke yake katika mji ambao sijui hata unapigiwa simu kwa namba gani za mwanzo. Nilimwona amelazwa hospitali, daktari anamwuliza kitu kwa Kireno na yeye anatikisa kichwa tu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilikuwa nimekaa nyumbani kwa mwoga na kicheko sikukisikia.

Alhamisi nikapanda teksi kwenda La Rochelle, mtaa mwingine wa jiji hili, kwa mama anayeongoza waombezi wa kanisa letu. Ni msusi, na waombezi hukutana saluni kwake asubuhi, kabla wateja hawajaja. Tulikuwa wanawake kumi na wawili tumepiga magoti kati ya viti vya kusukia, nywele za jana zimetunasa kwenye vitenge. Ana daftari lake la maombi, kila hitaji na namba yake. Akaniuliza mimi naleta nini. Nikasema naleta mlango. Mlango gani? Mlango wa Ureno, nikasema, uliofunguka kwa mtoto wangu. Wote wakasema amina, wakidhani nataka ufunguke zaidi. Ikabidi niseme tena, sauti ikiwa ndogo: naomba ufungwe.

Yeye hakushangaa. Msusi amesikia mengi. Aliandika, akatupa mfungo wa siku tatu, chakula baada ya saa kumi. Nikarudi Malvern nimepoa, kama mtu aliyekabidhi mzigo kwa mwenye mabega. Nimembariki mtoto kwa kinywa, nikasema moyoni, na neno lingine nimelipeleka juu. Asipokwenda, atakuwa ni Mungu amekataa, siyo mimi. Niliona nimefanya jambo la akili sana.

Jumamosi ilikuwa siku ya tatu ya mfungo, na timu ya binti yangu ilikuwa na mechi mchana. Huwa siendi kumtazama akicheza kwa sababu naogopa, lakini siku hiyo nilikwenda, nikakaa karibu na mlango wa kutokea. Alicheza vizuri mpaka nikasahau njaa. Halafu, robo ya tatu, mpira ukagonga chuma cha kikapu ukarudi, wasichana watatu wakaruka pamoja, na yeye akashuka juu ya mguu wa mwenzake. Goti likapinda kwenda ndani. Sikusikia sauti yoyote kutoka mahali nilipokaa ukumbini, lakini niliona mdomo wake ukifunguka.

Nilichowaza wakati ule sikukiwaza kwa maneno mengi. Niliwaza: ni mimi.

Watu walimkimbilia. Mimi nilibaki nimeshikilia kiti cha mbele yangu, natazama dari kama mwizi anayetazama kamera. Nikamwambia Mungu sikumaanisha hivyo. Nikamwambia nilisema mlango, sikusema goti. Walipombeba kumpeleka kwenye gari ndipo nikakiachia kile kiti, nikafuata, na njia nzima kwenda hospitali alinishika mkono na kuniambia, kwa Kiingereza chake, nisiogope, nisiogope. Yeye ndiye alikuwa anaumia.

Kwenye benchi la hospitali nilimpigia simu mama msusi ili maombi yasimamishwe. Simu yake ilikuwa imezimwa. Siku ya mwisho ya mfungo huwa anazima. Nikamwachia ujumbe wa sauti, nikasema tafadhali afute namba ile kwenye daftari, nikamalizia kwa kumsalimia mume wake, maana adabu ni adabu. Sijui kama maombi hufutwa. Nilifundishwa kuomba tu, sikufundishwa kurudisha nilichopewa.

Daktari alisema mshipa wa goti umevutika lakini haukukatika. Wiki tatu za kupumzika, kisha mazoezi ya polepole. Kocha akawapigia Wareno, nao wakasema watamngoja, ila jibu walitaka kabla ya wiki kuisha. Kwa hiyo mlango ulikuwa bado wazi, na mimi nilikuwa na mtoto kitandani na siri tumboni. Nilimchemshia maji, nilimkanda, nilimpikia kila alichokitaja. Aliniambia nipunguze, hajawahi kuhudumiwa namna hii hata alipougua surua.

Jumanne mchana mama msusi, aliyesikia habari kanisani, alikuja kumwona mgonjwa. Alileta fufu, samaki na sombe ya majani ya muhogo, ya kutosha ukoo mzima, akamsifu binti yangu kwa uzuri, akaomba tusali kabla chakula hakijapoa. Kwa uso wake tu nilijua ujumbe wangu hajausikiliza. Nilitaka kusema kitu, nikatafuta kitu cha kusema, na tayari alikuwa amefumba macho na kuinua mkono.

"Baba, tunakushukuru," akasema. "Mama huyu alikuja kwako akakuomba umfungie mtoto wake mlango wa Ureno. Nawe, Mungu usiyechelewa, umeufunga kwa goti."

Nilifumbua macho. Binti yangu alikuwa amefumbua yake zamani, ananitazama. Sala iliendelea kwa muda mrefu, ikapita kwa wagonjwa wengine, kwa serikali, kwa Kongo yote, na muda wote huo hakuna hata mmoja wetu aliyefumba macho. Nilisema amina kwa sababu ulimi umezoea. Mama msusi akatukumbatia, akaondoka na furaha yake, maana yeye kazi yake aliifanya kwa uaminifu.

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Nilimngoja aseme Kiingereza, ili ikinizidi nijifanye sijaelewa. Akasema Kiswahili, polepole, neno moja moja, kile cha kwetu Bukavu kinachomalizia vitenzi kwa -ka, alichokisikia kwangu tangu utotoni.

"Mama, uliombaka nianguke?"

"Hapana. Niliombaka mlango ufungwe."

"Mlango gani? Mwenye anaenda ni mi."

Akaniuliza kwa nini sikumwambia yeye, kwa nini wanawake kumi na mmoja wa La Rochelle walijua na yeye aliyelala chumba kimoja na mimi hakujua. Nikamweleza habari ya kinywa cha mzazi. Nikamweleza kwamba nilinyamaza ili nisimfungie njia. Akacheka, kicheko kikavu, akasema alidhani nataka aende. Alidhani nimechoka kukaa naye chumba kimoja, na kwamba lile tabasamu langu la Jumapili lilikuwa la mtu anayepata nafasi ya kunyoosha miguu.

Hapo niliogopa kuliko kule ukumbini. Niliyatambua maneno yale. Yalikuwa yangu.

Nikamsimulia jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu. Nilipoondoka Bukavu nilikuwa na umri kama wake, nikasema naenda miaka miwili, nishone, nirudi. Mama yangu alinisindikiza mpaka kwenye lori. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, nenda na amani, mwanangu. Macho yake yalikuwa makavu. Miaka miwili ikawa minne, na katika ule wa nne nikapigiwa simu kwamba wameshamzika. Miaka yote tangu siku ile ya lori niliamini kwamba alifurahi kupungukiwa na mdomo mmoja wa kulisha. Nilimkasirikia akiwa hai, nikaendelea kumkasirikia akiwa udongoni. Nikamwambia binti yangu kwamba sihofii goti, wala Kireno, wala wanaume wa huko. Naogopa kwa sababu najua mtu anavyoondoka kwa miaka miwili. Mimi mwenyewe niliondoka hivyo, na sikurudi.

Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania baiskeli.

"Ulitakaka bibi aseme nini?" akaniuliza.

"Aseme nisiende."

"Na ungebakia?"

Nilitaka kumdanganya. Lingekuwa jibu zuri, na huenda lingembakisha. Lakini nilimkumbuka yule msichana juu ya lori, na jinsi alivyokuwa na hamu ya barabara.

"Hapana," nikasema. "Ningeenda vilevile."

Akausogeza mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akanifanyia nafasi kitandani, nikahama kutoka kwenye kiti nikakaa kando yake.

"Basi niambie," akasema.

Neno lenyewe ni dogo, na nimelitumia mara elfu kwa mambo ya barabarani na ya jiko. Siku hiyo lilinipanda kama kitu chenye miiba. Niliwaona watu wote wa kwetu wakinitazama, walio hai na waliokufa, na mama yangu mbele yao. Nilijua likitoka halirudi, na kwamba ndege ikipatwa na shida nitakuwa nimelisema.

"Usiende," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, machozi yakimshuka, kama mtu aliyeletewa kitu alichokiagiza muda mrefu.

"Nitaenda, Mama," akasema, na akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniuma.