Nilipokea Sale Kabla ya Kujua Kosa

Nilimsamehe Asheri kabla sijajua alichonifanyia. Nilimsamehe mbele za watu, huku nacheka.

Na kwa mila za kwao, ukishasamehe hakuna kurudi nyuma.

Naitwa Ikupa, Mnyakyusa wa Tukuyu. Nilifuata kazi ya mkonge huku tambarare za Same miaka ile ya shida, sabuni ya kupanga foleni. Nikawekwa chumba cha brashi, pale singa, zile nyuzi za mkonge zilizokauka, zinapopitishwa kwenye mashine zilainike, halafu tunazipanga kwa daraja. Vumbi lake usipime! Kila mtu alijifunga kitambaa puani. Changu kilikuwa cha njano, kipande cha kanga kuukuu, na shamba zima lilikijua.

Mashine moja tulisimama mimi na Asheri, mtu wa Ngujini, Ugweno. Jamani, yule alikuwa zaidi ya kaka. Akienda kwao mlimani hakosi kuniletea ndizi. Nikiugua, anashika zamu yangu bila kinyongo.

Halafu shamba likauzwa.

Serikali inajitoa, mwekezaji anaingia, na habari ikawa moja tu: wengi wanapigwa chini. Brashi itabaki na msimamizi mmoja mwenye uzoefu. Wenye uzoefu tulikuwa wawili.

Niliitaka ile kazi kwa roho yote. Nilikuwa na mtoto wa kusomesha na mama mzee Tukuyu anayenitegemea. Asheri naye ana watoto wanne. Tukawa tunataniana tu, "Dada, ukiwa bosi usinisahau."

Wiki hiyohiyo kitambaa changu kikapotea. Sikujali, nikachana kingine.

Siku chache baadaye, saa ya chakula, Asheri akaja na jani refu la kijani, limepigwa fundo. Uso umemsawijika.

"Dada Ikupa, pokea."

"La nini tena hili?"

"Pokea tu. Ni sale. Kwetu ni jambo la amani."

Nikajua ananitakia heri. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikalichomeka kwenye kilemba, nikajizungusha kama bibi harusi.

Hakucheka mtu.

Mama Dorkas, mzee wetu wa kupanga singa, naye wa Ugweno, aliinamisha uso. Asheri akashusha pumzi, akaondoka bila kugusa chakula chake.

Jioni nikamfuata Mama Dorkas kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilijua utakuja."

"Lile jani lina nini?"

"Umeshamsamehe, mwanangu."

"Nimemsamehe nini?"

"Sijui. Mtu hutaja kosa lake ndipo unapokea. Wewe hukuuliza. Ukimgeukia sasa, balaa litakurudia wewe. Na kwetu hakuna anayeshusha sale toka mlimani kwa kosa dogo."

Nikaaga, nikaondoka.

Toka hapo sikuwa na amani. Nikawa naikagua mashine kabla ya kuiwasha, nikihofia mikono yangu. Ndizi zake nikawa nazitupa. Nikimuuliza, anatazama pembeni: "Dada, si tulishamaliza?" Halafu anaziba mdomo, anatoka nje haraka.

Ndipo Bwana Ibrahimu, meneja mpya, akaniita.

Hakunikaribisha kiti. Alisimama mbali, dirishani. Mezani, ndani ya mfuko wa nailoni, kilikuwepo kitambaa changu cha njano. Kimejaa damu iliyokauka.

"Mama, unakohoa damu halafu unaficha? Unataka kuniulia watu?"

"Si damu yangu!"

"Kitambaa si chako?"

Kilikuwa changu.

"Nenda hospitali. Hapa kazi huna tena. Msimamizi ni Asheri."

Nilitoka nalia kwikwi. Watu niliokula nao sahani moja walinipisha njia wameziba pua.

Nikaenda mjini Same. Wakachukua makohozi, wakapiga picha ya kifua. Majibu yalipotoka, daktari akasema, "Kifua chako ni kizima kabisa."

Niliruka kwa furaha! Nimempata mbaya wangu. Kamwaga ugali, mimi namwaga mboga, sale au si sale.

Nilipofika getini pa shamba, swali likanisimamisha.

Kama damu si yangu, ni ya nani?

Hasira yote ikageuka hofu.

Nilimkuta Asheri ofisini kwake, shati limempwaya.

"Ile damu ni yako."

Hakubisha. Machozi yakamtoka. "Walisema anayekohoa ataondoka. Nina watoto wanne, dada. Ningefanyaje?"

"Twende Same. Dawa ni bure, watu wanapona."

"Nikionekana pale nimekwisha. Ngoja kazi itulie kwanza."

"Basi namwambia meneja."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Ulinisamehe, Ikupa. Mbele za watu."

Nikasema balaa na linirudie. Nikaenda kwa meneja na majibu yangu, nikaeleza yote. Walipokwenda kumwita Asheri, hawakumkuta. Alikuwa amepanda mlimani, na hospitali hakukanyaga.

Masika hayajaanza, tukasikia amezikwa Ngujini.

Usimamizi nikapewa mimi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhakikisha chumba kizima kinapimwa. Walinichukia. Walisema nimevunja msamaha wa sale, nimemuua mwenzangu, sasa natafuta wengine. Nikang'ang'ania. Wawili wakakutwa na kifua kikuu, wakatumia dawa, wakapona.

Mmoja wao alikuwa Mama Dorkas.

Nilikaa kwenye kile cheo miaka mingi. Kila asubuhi nilimwambia, "Shikamoo, mama." Mpaka anastaafu hakuitikia hata siku moja.

Ndugu zangu mlio makazini, mtu akikuomba radhi, muulize kwanza amekosa nini. Na mkigombea nafasi, gombeeni, lakini msifanyane hivyo. Mimi niliipata niliyoitaka, na chakula cha mchana nikawa nakula peke yangu.