Sarafu ya Babu Imerudi Imefungiwa Kwenye Plastiki

Leo nna hasira, na msinambie nitulie.

Mnaikumbuka ile sarafu ya fedha ya marehemu babu, ya zama za Sultani? Muuza vitu vya kale mmoja hapa Mji Mkongwe alinshikilia niipeleke Ulaya wataalamu waikague, waipe daraja la ubora.

"Bila ya daraja hupati mnunuzi," kanambia.

Nikalipa.

Imerudi leo, imefungiwa ndani ya kiboksi cha plastiki. Juu yake wameandika kuwa imesuguliwa, na kwao sarafu ikisuguliwa ishaharibika, kwa hivyo haipewi daraja.

Imesuguliwa! Si lazima iwe imesuguliwa? Shangazi yangu, Bi Zuwena, kila ikikaribia Idi huisugua kwa ukwaju na majivu, pamoja na masinia yake ya shaba!

Nikamfuata yule bwana dukani kwake. "Hukuiona inavyong'ara?"

"Niliiona," kanjibu. "Lakini hukuniuliza."

Yarabi! Na ada yao imeishinda bei ya sarafu yenyewe! Nyie mngemfanya nini mtu huyu?

Nimerudi nyumbani natokota. Shangazi kakipokea kile kiboksi, kakigeuza, kakigonga kwa ukucha.

"Watu gani hawa?" kaniuliza. "Sasa Idi hii ntaisugua vipi?"