Mtaro Ambao Baba Hakuupima

Baba yetu, Mzee Wambua, alipotimiza mwaka kaburini, mama alinipigia simu Mombasa. "Mueni, Jumamosi tunamfanyia ukumbusho. Wewe ndiye mwalimu, utasoma maisha yake." Nilikubali haraka, kama mtu anayejua anachokubali. Kumbe! Nilikaa na karatasi siku tatu, na kila nilichoandika kingemfaa mzee yeyote wa Ukambani. Mume mpendwa, baba mpendwa, babu mpendwa. Nikaona afadhali niende mapema, huenda nikiviona vitu vyake nitapata la kusema.

Alhamisi asubuhi nikapanda basi. Tulipopita Konza nilipangusa kioo, nikatazama nyasi na ng'ombe. Huko ndiko baba alikochunga mifugo ya watu ujanani, akija nyumbani mwisho wa mwezi tu. Nilijaribu kumwona pale akiwa kijana, nikashindwa. Baba ninayemjua ni yule wa kamba na pima maji. Kwetu milimani, shamba lisipokatwa mitaro, mvua moja hulibeba lote. Na mtaro usipolala sawa, maji hukimbilia upande mmoja yakapasua tuta. Baba ndiye aliyekipimia kikundi chetu cha mwethya, yaani majirani wanaochimbiana kwa zamu.

Saa tisa mchana nilishuka Kyumbi. Kaka yangu Kyalo alikuwa akiningoja na pikapu yake. Nilisimama kununua machungwa, na mama aliyeyauza akanikazia macho.

"Wewe si wa Wambua? Hiyo pua ni yake! Alinipimia mitaro kitambo sana, na mpaka leo hakuna hata moja imevunjika."

Akaniongeza machungwa mawili. Nilifurahi, maana sasa nilikuwa na la kusoma. Lakini tulipoipita Mumbuni na kuanza kupanda mlima, Kyalo akaniharibia raha.

"Hiyo maneno ya kupima, usisome."

"Kwa nini?"

"Ule mtaro wa nyuma ya nyumba umeenda upande. Ndunge ameupima jana. Watu wa mwethya wote wanakuja Jumamosi, wataona. Kesho niko na vijana wanne, wanachimba upya."

Ndunge ni binti yake, yuko chuo kikuu, na ndiye aliyeachiwa pima maji ya babu. Nilipofika tu, kabla ya chai, alinivuta nyuma ya nyumba.

"Anti, nimepima mara tatu. Mwisho ule uko chini karibu futi moja. Na ni umau mwenyewe alinifundisha," akasema, akimtaja babu yake. "Alikuwa anasema usiamini macho, amini maji. Sasa aki, huu alipima aje?"

Nilikumbuka kwamba tangu utoto wangu, kila mvua iliponyesha, mtaro huo ulipasuka, na baba aliamka alfajiri kuuziba. Siku moja nilimuuliza mbona haupimi upya. "Huo uko sawa," akaniambia, tope likiwa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Na baba hakuwa mtu wa uongo! Nilichanganyikiwa kabisa. Fundi wa mlima mzima, halafu kwake hivi? Niliona aibu kwa ajili yake, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu.

Ijumaa, vijana wanne walifika na majembe. Hawajachimba hata pigo moja, mama akatoka na leso yake, akaenda kusimama katikati ya tuta.

"Nani amewaita?"

"Ni mimi, mwaitu," Kyalo akasema. Ndivyo tunavyomwita mama. "Toka hapo utaanguka. Tunanyoosha hii makosa ya baba."

"Baba yako hakukosea. Huu ni wangu."

Mama akaninyooshea kidole. "Wewe ulikuwa mgongoni, ulikuwa na mwezi mmoja. Singeweza kwenda kuchimbia wengine, kwa hivyo mwethya haikuja kwangu. Mvua ilikuwa karibu na baba yenu alikuwa Konza. Nikachimba peke yangu. Nilipima na sufuria ya maji. Naiweka chini, naangalia, nachimba."

"Na baba aliporudi?"

"Alisimama hapo akaangalia sana. Akasema, 'Huu uko sawa.' Mwezi uliofuata akaja na kamba na pima maji, ameenda kujifunza. Amepimia mlima wote, lakini kwenye huu wangu hajawahi kuweka hiyo pima."

"Kwa hivyo hukujua kwamba umeenda upande?" Ndunge akauliza.

"Eish! Mimi ni kipofu? Nilijua mvua ya kwanza. Nilingoja aniambie. Alikuwa anatoka polepole asiniamshe, anaenda kuziba. Na mimi niko macho, nasikia jembe."

Machozi yalinitoka mbele ya vijana wa watu. Miaka yote hiyo! Si wangezungumza siku moja tu, wachimbe upya, walale? Vijana walikunywa chai wakaenda zao.

Jumamosi nilisoma kwamba Mzee Wambua alipima mitaro ya watu wote isipokuwa mmoja. Watu wa mwethya wakaangua kicheko. Wakongwe wote walikuwa wakijua. Mama aliangalia viatu vyake akitabasamu.

Jumapili, siku yangu ya kurudi, mvua ilinyesha alfajiri. Nililala nikiwaza nani ataziba sasa, mwishowe nikavaa gambuti, nikafungua mlango taratibu. Nilimkuta Kyalo tayari yuko pale, ameinama na jembe la baba. Dirisha la mama lilikuwa wazi.

"Usimwambie," Kyalo akanong'ona.

Nilichukua sururu nikamsaidia. Nilikwenda kutafuta maneno ya kueleza baba alikuwa nani, na sijui kama nimemwelewa hata nusu. Ninachojua ni kwamba nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Tulipoingia jikoni, mama alikuwa akimimina chai. Akatuuliza kama tumelala vizuri.

"Vizuri sana, mwaitu," Kyalo akamjibu, tope limemfika magotini.